Herufi mbili zilizompa mtu mamlaka ya root: uchambuzi wa kosa la -1 katika sudo

Tarehe 14 Oktoba 2019 mradi wa sudo, programu ya mifumo ya Unix inayomruhusu mtu kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, ulitoa toleo 1.8.28 ili kuziba mwanya mmoja wa usalama. Mwanya huo ulipewa utambulisho CVE-2019-14287, na aliyeugundua ni Joe Vennix wa kitengo cha usalama wa taarifa cha Apple. Kuutumia hakukuhitaji ujuzi wowote wa ajabu. Mtu aliketi kwenye terminali akaandika:

    sudo -u#-1 id -u

Amri `id -u` huuliza namba ya mtumiaji anayeiendesha. Mashine ikajibu 0. Anayeifahamu Unix anajua uzito wa jibu hilo: 0 ni namba ya root, mtumiaji asiyezuiwa na chochote kwenye mashine.

Niseme mapema kwamba mwanya haukuwa wazi kwa kila mtu. Ulihitaji kanuni ya aina fulani kwenye faili la sudoers, linaloeleza nani anaruhusiwa kuendesha nini, ile inayomruhusu mtu kuendesha amri kwa niaba ya yeyote isipokuwa root. Tangazo la mradi lilitoa mfano huu:

    bob myhost = (ALL, !root) /usr/bin/vi

Maana yake, bob anaruhusiwa kufungua vi, programu ya kuhariri maandishi, kama mtumiaji yeyote, ila root amekatazwa waziwazi. Kumbe bob akiandika `sudo -u#-1 vi`, vi inafunguka kwa mamlaka ya root, na kutoka ndani ya vi mtu anaweza kuhariri faili lolote au kuita amri nyingine yoyote. Kanuni za namna hiyo ni chache, hivyo mashine nyingi zilikuwa salama. Hata hivyo sijaona kisa kingine kinachofundisha vizuri kama hiki habari ya kugeuza maandishi kuwa namba. Masomo mengi kuhusu jambo hili huishia kwenye ushauri wa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kweli ni namba. Katika sudo walihakikisha, tena kwa uangalifu mkubwa, na mlango ukafunguka vilevile.

Maandishi yanapoingia

Kerneli ya Unix, yaani kiini cha mfumo, haimtambui mtu kwa jina. Majina ni kwa ajili yetu sisi. Kerneli inafanya kazi na namba, yaani uid. Juma anaweza kuwa 1000, Asha 1001, root siku zote ni 0. Kwenye Linux uid ni namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi, kwa hiyo nafasi yake ni kuanzia 0 hadi 4294967295.

Chaguo la `-u` katika sudo linakubali jina la mtumiaji, au namba yake ikitanguliwa na alama ya reli. Kwa hiyo aliyeandika `#-1` hajaipa programu namba. Ameipa herufi mbili, kistari na tarakimu moja, na ni kazi ya programu kuamua herufi hizo ni namba gani.

sudo imeandikwa kwa lugha ya C, na katika C njia fupi kuliko zote ya kugeuza maandishi kuwa namba ni `atoi`. Njia hiyo haifai, na hapa ndipo ubaya wake unapoonekana vizuri zaidi. Ukiipa `atoi` maandishi "12abc" inakurudishia 12 na kunyamaza kuhusu takataka iliyobaki. Ukiipa namba kubwa kuliko uwezo wa `int`, aina ya kawaida ya namba nzima katika C, kiwango cha lugha hakiahidi chochote kuhusu kitakachotokea. Na ukiipa "juma", neno lisilo na tarakimu hata moja, inarudisha 0. Katika programu ya kuhesabu magunia, 0 ya namna hiyo ni usumbufu tu. Katika programu inayosoma uid, 0 ni root. Ingekuwa sudo inatumia `atoi`, kila kosa la tahajia lingekuwa ombi la mamlaka yote.

Waandishi wa sudo hawakufanya hivyo. Wana fanksheni yao inayoitwa `sudo_strtoid`, na ndani yake wakati huo walitumia, kutegemea mfumo, `strtoll` au ndugu zake `strtol` na `strtoul`. `strtoll` husoma namba ya biti 64 na kumwachia mwitaji ishara za kutambua makosa. Ishara ya kwanza ni mahali usomaji uliposimama. Ukiulizia, `strtoll` inakuonyesha herufi ya kwanza ambayo haikuweza kuitumia. Kama imesimama palepale ilipoanzia, hakukuwa na namba. Kama imesimama katikati, kuna takataka baada ya namba. Ishara ya pili ni `errno`, mahali C inapoandika aina ya kosa, inayowekwa ERANGE pale namba inapozidi biti 64. Kuna jambo dogo hapa linalowaponyoka wengi: `strtoll` haifuti `errno` ya zamani, kwa hiyo ni lazima uiweke 0 wewe mwenyewe kabla ya kuiita, vinginevyo utasoma kosa la shughuli nyingine iliyopita. sudo iliiweka 0.

Kisha wakaweka mipaka. Namba ikizidi UINT_MAX, yaani 4294967295, inakataliwa kuwa ni kubwa mno. Ikiwa chini ya INT_MIN, yaani -2147483648, inakataliwa kuwa ni ndogo mno. Maandishi matupu, "abc", "12abc", "99999999999", yote yanagonga ukuta. Msomaji ataniuliza kwa nini waliruhusu namba hasi ilhali uid haina hasi. Ni kwa sababu mifumo mingine huziandika hivyo kwa kawaida: kwenye macOS mtumiaji anayeitwa nobody ana uid -2. Ikiingizwa kwenye biti 32 zisizo na alama, -2 inakuwa 4294967294, na mambo yanaenda sawa. Ilikuwa ruhusa yenye sababu.

Sasa ingiza "-1". `strtoll` inasoma herufi zote mbili na kusimama mwishoni panapotakiwa. Hakuna ERANGE. -1 iko juu ya INT_MIN na chini ya UINT_MAX. Inapita, inafinywa kutoka biti 64 hadi 32, na kutokea upande wa pili ikiwa 4294967295. Ukiandika 4294967295 moja kwa moja badala ya -1, unafika palepale.

Sera inaulizwa swali lake

Hatua ya pili ni kulinganisha na sudoers. ALL inakubali kila mtu. `!root` inamwondoa mwenye uid 0. Je, 4294967295 ni sawa na 0? Hapana. Basi huyu si root, na kanuni inamruhusu. Kwamba hakuna mtumiaji yeyote kwenye mashine mwenye uid hiyo halikuwa kizuizi, kwa kuwa wakati huo sudo ilikubali namba isiyokuwemo kwenye orodha ya watumiaji.

Kutokuwemo huko kulileta madhara mengine mawili ambayo tangazo liliyataja. Moduli za kufungua kikao za PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, hazikuendeshwa. Na kumbukumbu za mfumo ziliandika kwamba amri imeendeshwa kama mtumiaji 4294967295, bila kumtaja root. Msimamizi anayepekua kumbukumbu akitafuta neno root asingeona kitu.

Kerneli inatii

Mwisho sudo inaiomba kerneli ibadilishe utambulisho wa programu kwa `setresuid`, au `setreuid` kwenye mifumo mingine. `setresuid` inapokea uid tatu: halisi, inayotumika sasa, na iliyohifadhiwa. Na kanuni yake, iliyoandikwa wazi kwenye mwongozo wake, ni kwamba mahali palipo na -1 thamani iliyopo isiguswe. Ni kama kumpelekea fundi cherehani karatasi ya vipimo vitatu: ukiweka kistari penye kiuno, anakiacha kiuno kama kilivyo.

sudo, kwa asili yake, huanza ikiwa root. Bila hivyo isingeweza kumgeuza mtu kuwa mtu mwingine. Kwa hiyo iliposema weka 4294967295, ambayo kwenye biti 32 ndiyo -1 hasa, kerneli ilielewa "acha kama ilivyo". Ilivyokuwa ni root. Ombi hilo kwa kerneli likarudi bila kosa, na vi ikafunguka.

Ukizipitia hatua hizi tatu moja moja, huoni aliyevunja ahadi yake. Msomaji wa namba aliahidi kurudisha namba iliyo ndani ya mipaka, akairudisha. Sera iliahidi kumkataa 0, na hakuja 0. Kerneli iliahidi kutogusa kitu ikipewa -1, haikugusa. Kosa liko kwenye mshono: namba moja ilikuwa utambulisho wa mtu machoni pa wawili wa kwanza, na machoni pa wa tatu ilikuwa amri. Kwa maoni yangu asili ya tatizo ni uamuzi wa zamani wa kuchanganya data na ishara katika nafasi moja ya namba. Lakini kerneli haiwezi tena kuubadilisha uamuzi huo bila kuvunja programu nyingi zinazoutegemea. Mzigo unabaki kwa anayeingiza maandishi kutoka nje: ndiye pekee anayejua kwamba thamani hii imetoka kwa mtu na haiwezi kuwa na maana ya "acha kama ilivyo".

Wapo watakaosema ni uzembe wa waandishi. Siwaungi mkono. Mtunzaji wa sudo ni Todd C. Miller. Mwaka 2004 mtu huyohuyo, pamoja na Ted Unangst, aliandika `strtonum`, fanksheni iliyoingia katika OpenBSD 3.6 ili kuwaepusha watu na mitego ya `atoi` na `strtol`. Unaipa maandishi, kima cha chini na kima cha juu, nayo inakurudishia namba au sababu ya kukataa: si halali, ni ndogo mno, ni kubwa mno. Ni vigumu kumpata mtu aliyelifikiria suala hili zaidi yake. Kama kosa lilimpita yeye, dawa yake haiwezi kuwa kuwahimiza watu waongeze umakini. Inabidi tubadilishe swali tunaloliuliza tunaposoma namba.

Marekebisho

Mabadiliko yenyewe ni mafupi. Ndani ya `sudo_strtoid`, kwenye sehemu inayotumia `strtoll`, pale panapokaguliwa kama maandishi ni halali, yaliongezwa masharti mawili:

    llval == -1 || llval == (id_t)UINT_MAX

Yatazame vizuri, kwa kuwa yote mawili ni ya lazima. `llval` bado ni namba ya biti 64, na humo -1 na 4294967295 ni namba mbili tofauti kabisa. Zinakuwa kitu kimoja baadaye, zikifinywa kuingia biti 32. Mrekebishaji mwenye haraka angekagua -1 peke yake, jaribio la `-u#-1` likafaulu, naye akafunga kazi huku `-u#4294967295` ikiendelea kupita. Mimi ningependelea kukagua baada ya kufinya, kwa kulinganisha matokeo na `(uid_t)-1` mara moja tu, kwa sababu hiyo ndiyo thamani itakayokabidhiwa kerneli. Njia zote mbili zinafika, ila hii ya pili haimtaki mtu akumbuke kwamba mlango una funguo mbili.

Pamoja na marekebisho hayo ziliongezwa nyongeza kwenye majaribio: -1, na namba zinazovuka mipaka. Na hapo likajitokeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo kuliko yote katika kisa hiki. Jaribio mojawapo la zamani lilibidi libadilishwe, kwa sababu lilitegemea -1 isomwe kuwa namba halali ya kundi. Kwa maneno mengine, majaribio ya mradi yenyewe yalikuwa yanaishuhudia -1 kuwa halali. Mtu aliyeyategemea kupima usalama angepata alama ya kijani kila siku.

Baadaye, katika toleo 1.8.30, sudo ilianza kukataa kwa kawaida uid isiyokuwemo kwenye orodha ya watumiaji. Anayeihitaji tabia ya zamani anawasha `runas_allow_unknown_id` mwenyewe. Kinga hii ni pana kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa inauliza kama namba hii ni ya mtu, hata kama hakuna aliyewahi kuifikiria namba hiyo hapo kabla.

sudo haikuwa peke yake. Desemba 2018 polkit, inayoamua nani anaruhusiwa kufanya nini kwenye mifumo mingi ya Linux, ilipatikana na CVE-2018-19788: mtumiaji mwenye uid inayozidi 2147483647 aliweza kuendesha amri yoyote ya systemctl, chombo cha kusimamia huduma za mfumo. Namba ilikuwa halali upande wa uid zisizo na alama, lakini ilipoingia mahali palipotarajia namba zenye alama haikubaki ileile. Mwaka 2017 systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, nayo ilikuwa na la kwake. Faili la huduma likiandika `User=0day`, jina linaloanza na tarakimu, mstari huo ulionekana si halali ukarukwa, na huduma ikaendeshwa kama root. Kusoma kulishindikana, na kushindwa kukamwangukia mwenye nguvu zaidi.

Kwa anayeandika kwa lugha nyingine

Kuhamia lugha mpya kunasaidia kiasi, na ni vizuri kujua kiasi hicho. Katika Rust, maandishi "-1" yakisomwa kuwa `u32` yanakataliwa papo hapo kwa sababu aina hiyo haina hasi. Lakini "4294967295" inapita, kwa kuwa ni `u32` halali. Nusu ya mwanya imezibwa na aina, nusu inakungoja wewe.

Python haina tatizo la namba kufinywa, lakini `int` yake ni karimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Inakubali nafasi mwanzoni na mwishoni, alama ya kujumlisha, mistari ya chini kama "1_000", na tarakimu za maandishi mengine, mfano za Kiarabu "٣". Na -1 ina maana ileile ya kale: `os.chown` ikipewa -1 haibadilishi mmiliki. Skripti inayopokea uid kwa maandishi, ikaipitisha kwenye `int`, kisha kwenye `os.chown`, itaripoti mafanikio ilhali faili limebaki kwa mmiliki wake wa awali. Mimi ningeandika hivi:

    def soma_uid(maandishi):
        if not (maandishi.isascii() and maandishi.isdigit()):
            raise ValueError("uid iwe tarakimu 0-9 tu")
        if len(maandishi) > 10:
            raise ValueError("uid ni ndefu mno")
        uid = int(maandishi)
        if uid >= 4294967295:
            raise ValueError("uid hii haikubaliki")
        return uid

`isdigit` peke yake haitoshi. Inaikubali "²", ambayo `int` itaikataa, na inazikubali tarakimu za Kiarabu, ambazo `int` itazisoma bila kulalamika. Ndiyo maana `isascii` iko pale. Kikomo cha urefu nacho kina kazi yake. Kusoma maandishi ya desimali yenye tarakimu nyingi sana kulikuwa kunaila Python muda mrefu mno, na mwaka 2022 ukawekwa mpaka wa kawaida wa tarakimu 4300 kwa sababu za kiusalama. Mpaka wako uwe mdogo kuliko huo. Unaijua namba unayoitarajia. Angalia pia kwamba fanksheni hii inaipitisha 0. Hiyo ni uid ya kweli, na kumzuia root ni kazi ya sera.

JavaScript ina mitego yake: `parseInt("12abc")` inatoa 12, na `Number("")` inatoa 0. Fomu iliyoachwa wazi inageuka kuwa sifuri bila mtu kuandika sifuri.

Huku kwetu mahali ambapo ningeanza kupekua ni menyu za simu. Kwenye menyu nyingi za USSD, 0 ni kurudi nyuma na 00 ni kurudi mwanzo. Programu inayogeuza jibu kuwa namba kabla ya kuliangalia inayapata majibu hayo mawili yakiwa kitu kimoja. Na kwenye ukurasa wa kuuliza kiasi, 0 haijulikani kama ni pesa au ni ombi la kurudi. Linganisha maandishi na ishara za menyu kwanza, yakiwa bado maandishi. Kisha ndipo ugeuze kilichobaki kuwa namba. Namba za simu zisigeuzwe kabisa: 0 ya mbele ikipotea, hiyo si namba ya mtu tena.

Anayesimamia seva na anataka kujua kama kisa hiki kinamhusu asitegemee namba ya toleo peke yake. Wasambazaji wengi wa Linux huchukua marekebisho na kuyaingiza kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba yake kuu, kwa hiyo `sudo --version` inaweza kuonyesha kitu cha chini ya 1.8.28 kwenye mashine iliyokwisha kuzibwa. Angalia tangazo la usalama la msambazaji wako. Kisha tafuta kanuni zenyewe:

    sudo grep -rn '!' /etc/sudoers /etc/sudoers.d

Kwenye majibu, mistari ya Defaults yenye alama hiyo si shida. Unayoitafuta ni ile yenye ALL ikifuatwa na mtu aliyekatazwa. Ukiipata, ondoa ALL, uandike majina ya watumiaji ambao amri hiyo inawahitaji.